Utetezi wa kisheria wa haki za mtoto nchini Tanzania

Utetezi wa kisheria wa haki za mtoto ni kazi ya kumshauri, kumsemea na kumwakilisha mtoto mbele ya polisi, maafisa wa ustawi wa jamii na mahakama, hasa pale maisha yake yanapoamuliwa na watu ambao si wazazi wake. Nchini Tanzania kazi hiyo inahusu zaidi makundi mawili. La kwanza ni watoto wanaolelewa nje ya familia zao za kuzaliwa: kwa walezi wa kambo, kwa watu wa kuaminika au katika makao ya watoto. La pili ni watoto waliokinzana na sheria, yaani wale wanaotuhumiwa au kutiwa hatiani kwa kosa la jinai.

Katika vitabu makundi haya hutenganishwa, lakini vijijini mara nyingi mtoto mmoja yumo katika yote mawili. Aliyekosa mlezi ndiye anayekutwa sokoni usiku, ndiye anayetumwa kazi za watu wazima, na ndiye asiye na mtu wa kumwekea dhamana anapokamatwa.

Sheria kuu upande wa Tanzania Bara ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 (Sura ya 13). Kifungu cha 4 kinamtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na kinaagiza kwamba maslahi bora ya mtoto yatangulizwe katika kila hatua inayomhusu, iwe inachukuliwa na mahakama, ofisi ya serikali au taasisi ya ustawi.

Historia

Kabla ya sheria za kikoloni, mtoto aliyefiwa au aliyekosa alikuwa jambo la ukoo. Kwa Wazigua wa Handeni, ambao zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba alikuwa na sauti kubwa kuhusu mtoto wa dada yake: alimlea, alimkanya, na alilipa fidia mtoto alipoharibu mali ya mtu. Wasambaa na Wabondei walio jirani nao upande wa Korogwe nao walikuwa na taratibu zao za kumchukua mtoto wa ndugu. Malezi ya namna hiyo hayajafa. Hata leo watoto wengi wasioishi na wazazi wao wako kwa bibi, shangazi au mjomba, bila karatasi yoyote.

Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilitunga sheria ya watoto na vijana mwaka 1937. Sheria hiyo, iliyoendelea kutumika baada ya uhuru, ilitenganisha "mtoto" na "kijana", na aliyefikisha miaka 16 alihesabiwa kama mtu mzima mbele ya mahakama. Mambo mengine ya mtoto yalitawanyika katika sheria mbalimbali: ya kuasili, ya makao ya watoto, ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ya matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa. Mtu aliyetaka kumsaidia mtoto mmoja alilazimika kupekua sheria nne au tano.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Baada ya madai ya miaka mingi kutoka kwa wanasheria na mashirika ya watoto, Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto mnamo Novemba 2009. Sheria hiyo ilifuta zile za zamani na kuziweka hoja zote chini ya paa moja. Zikafuata kanuni zake, zikiwemo za malezi ya kambo, makao ya watoto, mahabusu za watoto na shule za maadilisho, na hatimaye Kanuni za Mwenendo wa Mahakama ya Watoto za mwaka 2016.

Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa taarifa ya ukaguzi wa mahali wanapozuiliwa watoto. Ilionyesha kwamba bado wapo watoto waliofungiwa pamoja na watu wazima, jambo ambalo sheria mpya ilikwisha kulikataza. Taarifa hiyo ilisaidia kuzaa mkakati wa serikali wa miaka mitano wa kuboresha haki jinai kwa watoto, wa 2013 hadi 2017.

Mfano wa mtoto mchungaji

Ili kuona sheria inavyofanya kazi, yafaa kuchukua mfano wa kubuni lakini wa kawaida. Kata ya Mazingara imo katika Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, nchi ya wakulima wa mahindi inayokaliwa pia na wafugaji. Mvulana ametoka wilaya nyingine baada ya mama yake kufariki, amechukuliwa na mtu wa mbali kuchunga ng'ombe. Siku moja ng'ombe wanaingia shambani na kumaliza mahindi yaliyokaribia kuvunwa. Mwenye shamba, ambaye chakula chake cha mwaka kimeliwa, ana haki ya kukasirika. Mgambo anamkamata mvulana, na mtendaji wa kijiji anampeleka polisi kwa tuhuma za kuharibu mali. Mwenye ng'ombe haonekani.

Mtetezi wa mtoto huyu ana maswali matatu ya haraka: ana umri gani, atalala wapi usiku wa leo, na nani atasimama kama mlezi wake. Mengine yote yanaweza kungoja hadi kesho, lakini haya matatu hayangoji.

Suala la umri

Kwa mujibu wa kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyorekebishwa na Sheria ya Mtoto, aliye chini ya miaka 10 hawezi kuwa na hatia ya jinai kwa tendo lolote. Aliye na miaka 10 lakini hajafikisha 12 hana hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba alipotenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda hivyo. Zamani mpaka wa chini ulikuwa miaka 7. Kuanzia miaka 12 mtoto anaweza kushtakiwa, lakini hadi anapofikisha 18 anashtakiwa kama mtoto, katika Mahakama ya Watoto.

Hivyo mwaka mmoja tu unaweza kubadili kila kitu, na ndiyo sababu umri hugombewa. Watoto wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa. Polisi huandika umri wanaoukadiria kwa macho, na mvulana aliyekomaa kwa kazi za jua huandikwa miaka 18 kwa urahisi. Yeye mwenyewe, akiogopa au akitaka kuonekana mkubwa, huweza kukubali.

Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza katika hukumu zake kwamba umri unaweza kuthibitishwa na mzazi au ndugu, na mtu mwenyewe, na daktari, au kwa cheti cha kuzaliwa. Katika utendaji, ushahidi mzuri mara nyingi umekaa kabatini bila mtu kuukumbuka: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, na daftari la uandikishaji la shule ya msingi. Daftari hilo huonyesha mwaka wa kuzaliwa kama ulivyotajwa na mzazi siku ya kumwandikisha mtoto darasa la kwanza, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria kesi. Mwalimu mkuu akiombwa anaweza kuja nalo mahakamani. Makadirio ya daktari kwa meno na mifupa husaidia pale pasipo na karatasi, lakini hutoa umri wa kukisia, si tarehe.

Usiku wa kwanza

Sheria inataka mtoto aliyekamatwa aachiwe kwa dhamana, isipokuwa kwa sababu chache: kosa ni la kuua au jingine zito, au inafaa atengwe na watu watakaomharibu, au kuachiwa kwake kutakwamisha haki. Kwa kawaida mtoto hasaini dhamana peke yake. Mzazi, mlezi au mtu mwingine wa kuaminika ndiye anayesaini. Asipokuwepo mtu huyo, mtoto hubaki kituoni, na hapo ndipo hatari inapoanza. Vituo vidogo vya polisi havina chumba cha watoto. Akilazwa na watu wazima, sheria imevunjwa na madhara yake huenda yasirekebishike.

Asiyepewa dhamana anapaswa kupelekwa mahabusu ya watoto, ambayo haisimamiwi na Magereza bali na ustawi wa jamii. Mahabusu hizo ni chache nchini. Tanga inayo moja, na kuna nyingine Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Mbeya. Mtoto wa Handeni au Korogwe ana bahati kuliko wa mikoa isiyo na mahabusu kabisa, lakini bado kutoka Mazingara hadi Tanga mjini ni safari ndefu, na kila tarehe ya kesi huhitaji gari, mafuta na askari wa kumsindikiza. Usafiri ukikosekana, kesi huahirishwa. Kesi ikiahirishwa mara tatu, mtoto amepoteza muhula mzima wa shule kabla hata shahidi wa kwanza hajasema neno.

Kwa hiyo mtetezi mwenye uzoefu hatumii nguvu zake za kwanza kwenye hoja za kesi. Hupiga simu. Humtafuta afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mtendaji wa kata, imamu au mchungaji, mwalimu, na ndugu yeyote wa mtoto. Lengo ni kupata mtu mmoja atakayekubali mtoto alale kwake.

Mahakama ya Watoto

Kifungu cha 97 kinaanzisha Mahakama ya Watoto na kumpa Jaji Mkuu uwezo wa kutangaza majengo yanayotumiwa na mahakama za mwanzo kuwa mahakama hizo. Anayesikiliza ni hakimu mkazi. Jengo lililotengwa kwa kazi hiyo tangu zamani liko Kisutu, Dar es Salaam. Wilayani kwa kawaida ni chumba kilekile cha mahakama, au ofisi ya hakimu, kikigeuzwa kwa saa chache.

Mwenendo wake ni tofauti na wa mahakama ya watu wazima. Kesi husikilizwa faraghani. Hali ya chumba inatakiwa isiwe ya kutisha, na maswali yasiwe ya kumkandamiza mtoto. Afisa ustawi wa jamii lazima awepo. Mtoto ana haki ya kuwa na mzazi, mlezi au ndugu, ya kuwakilishwa na wakili, ya kueleza upande wake na ya kukata rufaa, na mahakama inapaswa kumwambia hayo kwa lugha anayoifahamu. Jina lake na picha yake havitangazwi. Mahakama hii husikiliza makosa yote ya mtoto isipokuwa la kuua, ambalo huenda Mahakama Kuu. Husikiliza pia maombi ya matunzo, ulezi na ulinzi wa mtoto, jambo linalosahaulika sana: wazazi wengi wanaifahamu kama mahakama ya wahalifu wadogo tu.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyoifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama yana maana kubwa hapa kuliko mahali pengine. Zamani hakimu aliandika mwenendo kwa Kiingereza huku mtoto akijibu kwa Kiswahili, na yaliyoandikwa hayakuwa kila mara yale yaliyosemwa.

Mtoto akiwa shahidi, kwa mfano aliyetendewa ukatili, Sheria ya Ushahidi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inaruhusu aliye na miaka 14 au chini kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na si uongo. Ahadi hiyo lazima iandikwe katika mwenendo wa kesi. Inaonekana jambo dogo, lakini zipo hukumu zilizotenguliwa kwenye rufaa kwa sababu hakimu hakuiandika, na mtoto aliyeteswa akaona mtuhumiwa akirudi kijijini.

Hatua baada ya hatia

Kifungu cha 119 kinasema wazi kwamba mtoto hatahukumiwa kifungo cha jela, hata kama sheria nyingine inasema vinginevyo. Mahakama inaweza kumwachia kwa onyo au kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kumkabidhi kwa mtu wa kuaminika, kumrudisha kwao kwa gharama za serikali, kutoza faini au fidia ambayo mzazi anaweza kuamriwa kuilipa, au kumpeleka shule ya maadilisho. Shule ya maadilisho inayojulikana nchini ni Irambo, mkoani Mbeya. Kwa mtoto wa Handeni, Irambo ni ng'ambo ya pili ya nchi. Mama mwenye shamba la ekari mbili hawezi kwenda kumtembelea. Mtetezi akisema hivyo mbele ya hakimu haombi huruma tu, bali anataja jambo la kisheria, kwa kuwa kukata uhusiano wa mtoto na familia ni sehemu ya kupima maslahi yake bora.

Kabla ya amri, mahakama hupokea taarifa ya uchunguzi wa kijamii kutoka kwa afisa ustawi wa jamii: nyumbani kukoje, shule inasemaje, kwa nini jambo lilitokea. Taarifa hii huamua mengi kuliko hotuba ya wakili. Kwa mvulana wa mfano wetu, taarifa iliyoandikwa vizuri ingeonyesha kwamba alipewa kundi la ng'ombe lisilolingana na nguvu zake, kwamba hakupelekwa shule, na kwamba ikiwa hajafikisha miaka 14 hakupaswa kuajiriwa kabisa, kwani huo ndio umri wa chini wa kazi, tena kazi nyepesi. Hapo swali hugeuka. Badala ya kuuliza mtoto alipeje mahindi yaliyoliwa, mahakama huuliza aliyemwajiri yuko wapi, na mwenye shamba naye hupata mtu mwenye uwezo wa kumlipa fidia.

Malezi ya kambo na watu wa kuaminika

Mtoto asiye na mzazi wala mlezi, aliyetelekezwa, anayeteswa au anayeombaomba huhesabiwa kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Serikali ya mtaa ina wajibu wa kumlinda, na mwanajamii yeyote anayeona haki za mtoto zinavunjwa anapaswa kutoa taarifa. Mahakama, kwa ombi la afisa ustawi wa jamii, inaweza kutoa amri ya matunzo inayomwondoa mtoto mahali alipo, au amri ya usimamizi inayomwacha nyumbani chini ya uangalizi.

Mtu wa kuaminika ni mwanajamii aliyechunguzwa na kuandaliwa kupokea mtoto kwa dharura na kwa muda mfupi, mara nyingine usiku huohuo. Mlezi wa kambo humlea mtoto kwa muda mrefu zaidi baada ya maombi, ziara za nyumbani na kibali cha ustawi wa jamii. Kuasili ni jambo jingine kabisa: huamuliwa na Mahakama Kuu na humfanya mtoto kuwa wa familia mpya kisheria. Wanaochukua watoto mara nyingi huchanganya haya mawili, wakidhani kibali cha kambo kimewapa mtoto moja kwa moja.

Makao ya watoto ni hatua ya mwisho. Lazima yasajiliwe, na kila mtoto awe na mpango wa kurudi kwa ndugu au kuhamia kwenye familia. Ugumu ni kwamba mtoto akishaingia katika makao hakuna anayelalamika: anakula, anasoma, analala. Asiyeuliza lini atarudi nyumbani anaweza kukaa humo hadi miaka 18, kisha akatoka asiwe na shangazi wala shamba. Kuomba mahakama ipitie upya amri ya matunzo ni miongoni mwa kazi za utetezi zinazofanywa kwa nadra kuliko inavyostahili.

Malezi ya ukoo nayo yana tundu lake. Bibi anayemlea mjukuu hahitaji ruhusa ya mtu, na hakuna sababu ya kumsumbua kwa karatasi. Lakini siku baba aliyepotea miaka kumi anaporudi kudai mtoto, au mali ya marehemu inapogawanywa, bibi asiye na amri ya mahakama hana cha kuonyesha. Msaidizi wa kisheria wa kata anaweza kumsaidia kuomba ulezi mapema.

Watetezi

Mawakili wengi wako mijini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu waliopata mafunzo ambao hutoa ushauri na kuwaongoza wenye shida, ingawa hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) hutoa msaada bila malipo. Madawati ya Jinsia na Watoto yako katika vituo vya polisi, na namba ya simu 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo. Tangu 2023 kumekuwa pia na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani.

Jambo gumu katika kazi hii ni pale anachotaka mtoto kinapotofautiana na kinachoonekana kumfaa. Mtoto aliyepigwa na baba wa kambo anaweza kusema anataka kurudi nyumbani kwa sababu mdogo wake yuko huko. Afisa ustawi wa jamii ana wajibu wa kusema lipi linamfaa. Wakili ana wajibu wa kuhakikisha sauti ya mtoto inafika kwa hakimu kama ilivyo, kisha hakimu apime. Wakili akigeuka kuwa mzazi wa pili, mtoto hubaki bila msemaji katika chumba kilichojaa watu wanaomtakia mema.

Nchini Marekani, ambako mahakama ya kwanza ya watoto ilianzishwa Chicago mwaka 1899, kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto hahitaji wakili kwa kuwa hakimu mwenyewe ni kama mzazi. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri la mvulana wa miaka 15 wa Arizona aliyetuhumiwa kupiga simu ya matusi, iliamua kwamba mtoto anayekabiliwa na kuzuiliwa ana haki ya kujua tuhuma, kuwa na wakili na kuhoji mashahidi.

Zanzibar na nchi jirani

Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake ya mwaka 2011, iliyopata tuzo ya kimataifa ya sera bora mwaka 2015. Kenya ilibadilisha sheria yake mwaka 2022 na kupandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Uganda nayo inatumia miaka 12. Kwa Tanzania Bara umri huo umebaki miaka 10, ingawa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za mtoto hupendekeza usiwe chini ya 14.